Vyuo Vitano vya Konsolata

Nilichomoa waya ukutani. Swichi ilikuwepo, sikuitafuta. Kompyuta ya bosi ikazima, printa ikakwama na karatasi nusu ndani nusu nje, na foleni ya watu kumi na kitu ikanyamaza kama iko msibani. Bosi akabaki na kidole hewani juu ya kibodi.

"Mama Limi, umerukwa na akili?"

"Bado," nikamwambia. "Ila niko njiani."

Mbele yangu alikuwa amesimama Nkwimba, binti kutoka Samuye, ameshika karatasi yenye majina ya vyuo vitano ambavyo hakuviomba. Hakuwa analia. Angelia ningejua la kufanya, maana nina mtoto wa miaka minne na habari za kulia nazijua zote. Alikuwa anaisoma tu, kutoka juu hadi chini, halafu anarudi juu, kama vile safari hii majina yangebadilika.

Hiyo ndiyo siku niliyostaafu. Nina miaka ishirini na nane. Chekeni tu. Mstaafu ana mvi na kiinua mgongo, mimi sina hata kimoja. Lakini miaka minane nimekaa kwenye kiti kimoja, kwenye steshenari moja jirani na stendi ya Kahama, nikiwajazia watoto wa watu maombi ya vyuo. Hiyo ni kazi, na mtu akimaliza kazi huwaachia neno wanaobaki. Naandika kwa ajili yenu, Rehema na Suzi, mliobaki pale, na kwa binti yeyote atakayekalishwa kwenye kile kiti baada yangu. Mshahara siuzungumzii, mnaujua. Nazungumza kazi.

Nilianza nikiwa nimetoka kidato cha nne na matokeo ya kunitosha kupiga chapa barua za watu wengine. Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya mchuchumio, nikidhani naenda ofisini. Aliyekuwa anaendesha mambo pale alikuwa Da Mwajuma, mwanamke wa Kigoma, mpiga chapa wa duka kabla duka halijawa na kompyuta. Akaniangalia miguu, akaniangalia mikono.

"Miguu shauri yako," akasema. "Mikono kanawe."

"Ina nini, dada?"

"Ina mafuta ya maandazi. Na hapa mezani kuna cheti cha mtoto wa mtu."

Nikanawa. Nimenawa miaka minane. Cheti halisi hakikai meza moja na chai. Hakitobolewi, hakikunjwi, hakipigwi laminesheni hata mwenyewe akikubembeleza, maana kuna ofisi zitakikataa. Ukimaliza kukiskani unamrudishia mkononi, unasubiri akitie kwenye bahasha yake, ndipo unamwita mwingine. Kuna mzee alisahau cheti cha mwanawe kwenye kioo cha skana akaenda kupanda basi la Ushirombo. Da Mwajuma alifunga duka saa nne asubuhi, siku ya foleni, akakimbia na kandambili hadi stendi, akalipiga basi ubavuni mpaka likasimama. Aliporudi bosi alikuwa amenuna. "Nuna," akamwambia, "mimi nimelala usingizi wangu wa leo tayari."

Somo la pili lilikuwa karatasi. Kabla Da Mwajuma hajagusa kibodi, kila mwombaji alipewa fotokopi iliyoharibika, ageuze upande mweupe, aandike kwa mkono wake: chuo cha kwanza mpaka cha tano, kozi gani, na kwa nini. Mfumo wa vyuo vya afya ulikuwa unataka machaguo matano kwa mpangilio. Sababu mfumo haukuitaka. Aliyeitaka ni Da Mwajuma. Ukiandika "kwa sababu ni chuo kizuri" unarudishwa benchi.

"Kizuri kasema nani? Wanachukua wangapi? Wa mwaka jana waliingia na alama gani? Ukiugua huko nani atakuletea uji?"

Walikuwa wanamwogopa kuliko mwalimu wa hesabu. Kijana mmoja aliandika chuo fulani kwa sababu kiko karibu na ziwa. Da Mwajuma akamwuliza, "Unaomba kuwa nesi au kuwa sato?" Benchi zima likaangua kicheko, lakini alikwenda akafikiri upya, na leo ni nesi. Sato hajawa.

Msimu wetu ulianza kabla ya maombi, pale mitihani ya kidato cha nne inapokaribia na wanafunzi wanapojaa kununua pepa za miaka ya nyuma. Mashine yetu ya fotokopi ilikuwa ya mtumba. Ikipata moto inachora mstari mweusi, na kwenye pepa ya fizikia mstari mweusi unaweza kuwa waya. Kuna mwaka darasa zima la shule moja lilichora saketi yenye waya wa ziada. Mwalimu wao akaja amefura, anataka kujua tuisheni gani imewafundisha upuuzi ule. Nikamwonyesha mashine. Akaiangalia kwa muda, akaomba nimtolee kopi za barua yake ya uhamisho.

Na kila mwaka anakuja mmoja anainama mezani, ananong'ona: "Dada, ile ya kweli ipo?" Anataka mtihani uliovuja. Jibu ni hili, likaririni: "Ipo. Utapewa siku ya mtihani, bure, na msimamizi."

Mwaka wangu wa pili Da Mwajuma alirudi Kigoma kumuuguza mama yake. Hakuwa na hotuba. Aliniachia rundo la fotokopi mbovu, akasema, "Hizi usizitupe." Mwaka uliofuata akaja Konsolata.

Konsolata alikuja na baba yake kutoka Ushirombo, katekista mwenye sauti ya kusikika hadi kigango cha pili. Binti mwenyewe huwezi kumsikia. Nilimpa karatasi, akaandika vyuo vitano vya mbali, kila kimoja na sababu yake: hapa kuna dada wa baba anayefanya kazi hospitalini, hapa wanachukua wengi, hapa alama zake za sayansi zinatosha. Nikajaza. Akachaguliwa chuo cha kwanza, utabibu. Baba yake akarudi na jogoo wa kushukuru, na tangu getini stendi anatangaza. Yule mtu alitangaza kanisani, alitangaza mnadani, alitangaza ndani ya basi. Wiki haikuisha akaja mama mmoja na mwanawe, hata shikamoo yangu hajaiitikia.

"Nataka vile vya Konsolata."

"Mama, kila mtoto ana alama zake."

"Ndiyo. Mpe vya Konsolata."

Msiotoka huku niwaeleze. Kwetu, kuanzia hapa hadi Geita, mtu akipata mawe yenye mali kwenye duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, siku ya tatu watu mia wameshafika na sururu na maturubai wanachimba pembeni yake. Tunaita rashi. Hakuna anayeuliza mwamba umeelekea wapi. Imetoka pale, basi na sisi pale. Baba yangu alituhamisha kwenye rashi tatu kabla sijaanza darasa la kwanza. Kwa hiyo watu walipoanza kukimbilia vyuo vya Konsolata mimi sikushangaa. Niliona ni akili.

Sasa nijisomee mashtaka. Ile kadi ya manila iliyo ukutani juu ya kompyuta, yenye vyuo vitano kwa wino mwekundu, moja mpaka tano, mliyoikuta na mnayodhani ni ya bosi: niliiandika mimi. Msimu ule nilikuwa na mimba ya Limi, miguu imejaa hadi viatu vinakataa, foleni inafika barabarani, na kila anayefika anauliza swali lile lile. Nikaiandika ili nisiseme sana. Watu wakawa wanaisoma kutoka benchi, wakifika mezani wanasema "kama hapo juu". Nikajaza kama hapo juu. Nilipokwenda kujifungua bosi akaipiga laminesheni.

Kuna mmoja ananirudia kichwani hadi leo. Mchimbaji, vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, kwenye nyusi, na bintiye nyuma yake.

"Mayu," akaniita. Kwa Kisukuma ni mama, na yeye alikuwa ananizidi miaka ishirini. "Duara langu limetema. Mjazie huyu udaktari."

"Shikamoo baba. Kapata nini kemia?"

"Marahaba. Kapata, we angalia humo."

Nikaangalia. D, D, na fizikia F.

"Baba, utabibu kwa hizi hapana. Tutafute kozi nyingine, zipo."

"Weka vya Konsolata."

"Konsolata alikuwa na C."

"Mayu, mimi jirani yangu sikumwuliza mwamba wake una gredi gani. Niliona mali, nikachimba."

Foleni ikacheka, ikamuunga mkono. Mmoja akasema huyu mzee angekuwa waziri. Binti alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Da Mwajuma angempa yule binti karatasi na kumfukuza baba yake akanywe chai nje. Mimi nilimjazia kama hapo juu. Hakupata popote. Na baba yake hakurudi kunigombeza, ndiyo inayoniuma. Alichukulia kwamba amekosa, kama unavyokosa kwenye duara. Hakujua kwamba aliyekaa mezani ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumwambia hapa hakuna kitu.

Bosi wetu, Baba Kulwa, si mtu katili. Niliporudi na kichanga aliniruhusu nimlaze Limi chini ya meza, kwenye boksi la karatasi za A4, na ndiko alikokulia. Lakini ni mtu wa foleni. Alinunua kompyuta ya pili akakaa mwenyewe, akapiga marufuku karatasi za mkono kwamba zinachelewesha. Akaamua kila akaunti ifunguliwe kwa namba ya simu ya duka na neno moja la siri, kwa sababu watu wa vijijini wanabadilisha laini kila wakati. Watu walifurahi. Nami nilifurahi, nisiwe mnafiki. Msimu ukikolea, Baba Kulwa alikuwa anamaliza mtoto mmoja kabla mama yake hajafungua bahasha.

Na kila mwaka majina yakitoka, watoto wenye alama nzuri wanakosa. Tunawaambia mfumo una bahati yake. Nimelisema hilo kwa mdomo wangu huu, nikampa mtoto tishu ya duka. Haikunijia hata siku moja kwamba wale watoto tunaowapanga kwenye benchi moja ndio tunaowapeleka kusukumana kwenye milango mitano ile ile, na kwamba aliyekosa amekoseshwa na mwenzake aliyekaa naye.

Nkwimba ndiye aliyenifungua macho, naye hakukusudia. Kwao Samuye, ila alikuwa anaishi hapa Kahama kwa shangazi yake anayeuza mchele sokoni. Kidato cha nne alipata F ya kemia, akarisiti, yaani akajiandikisha kurudia mtihani. Mwaka mzima, akishamsaidia shangazi kupepeta, alikuja kukaa mwisho wa benchi letu. Nilimpa fotokopi za pepa zilizoharibika, akawa anajibu upande mweupe. Foleni ikipungua tunaulizana maswali. Limi alijua kusema "elektroni" kabla hajajua kuvaa kandambili upande wake. Swali moja la kemia, la mole, Nkwimba alilirudia mara tisa, nilihesabu, akikosa anavuta pumzi anageuza karatasi. Mimi mwenyewe nimeielewa mole nikiwa na miaka ishirini na saba, bila faida yoyote.

Siku moja nikamwuliza kwa nini anajitesa hivyo.

"Baba kanipa mwaka mmoja," akasema. "Nikipata chuo, naenda chuo. Nisipopata, wale wageni waliokuja wataambiwa warudi."

"Wageni wa kukuposa?"

"Ehe."

"Na ng'ombe?"

"Wameshatajwa. Hadi rangi."

Akaendelea na swali lake. Matokeo yalipotoka kemia ilikuwa C. Shangazi yake alikuja dukani na sahani ya wali, akaniweka mbele ya foleni akasema nile pale pale, watu waone.

Halafu Nkwimba akaniomba karatasi, ile iliyopigwa marufuku. Akaandika mwenyewe. Chaguo la kwanza lilikuwa chuo cha serikali kilicho humu humu mkoani, stashahada ya maabara. Sababu yake nilisoma mara mbili: "Hii kozi watu hawaikimbilii. Mwongozo unasema alama zangu zinazidi zinazotakiwa. Na nikikwama shangazi yupo." Alikuwa amesoma kitabu cha mwongozo wa udahili chote, kwenye simu ya shangazi iliyopasuka kioo. Mimi, mjazaji wa miaka minane, nilikuwa sijawahi kukisoma hadi mwisho. Nikainua macho nikaiona kadi yangu ukutani, inang'aa na laminesheni yake. Nikaibandua. Kesho yake nilimkuta bosi juu ya kiti anaibandika tena.

"Baba Kulwa, hii inawaponza watoto."

"Mama Limi, watu wanatoka Bukombe kwa ajili ya hii. Unataka wakute ukuta mtupu?"

Siku ya kujaza ya Nkwimba mimi sikuwepo. Limi aliamka na homa, nikashinda naye hospitali. Bosi akamwambia binti asipoteze siku, yeye atamjazia. Nkwimba akampa karatasi yake, akaambiwa akae benchi. Baada ya dakika chache akapewa ukurasa wa mwisho tu, ule unaosema maombi yamepokelewa. Aliniletea nyumbani kunionyesha, tukafurahi. Sikuuliza kurasa nyingine. Hilo nalo liandikeni kwangu.

Majina yakatoka. Nkwimba akaja asubuhi, kavaa gauni la kanisani. Nikafungua akaunti yake. Hajachaguliwa. Nikarudia, nikidhani mtandao. Hajachaguliwa, machaguo yote matano. Nikaprinti fomu nzima, ikatoka, nikaisoma. Vilikuwa vya Konsolata. Cha kwanza mpaka cha tano, kwa mpangilio wangu mwenyewe, utabibu juu hadi chini. Kozi ya maabara haimo. Chuo cha hapa mkoani hakimo.

"Bosi, hii ni nini?"

Akatupa jicho bila kuacha kuchapa. "Nilimsaidia huyo. Alikuwa ameandika chuo cha hapa hapa. Mtoto karisiti mwaka mzima, aende kusoma jirani na shangazi yake? Nikampa vya maana."

"Karatasi yake iko wapi?"

"Karatasi ipi?"

Suzi, wewe ndiye uliyenionyesha kwa macho, nashukuru. Ilikuwa chini ya mguu wa meza ya printa, imekunjwa mara nne, kuizuia isitikisike. Niliichomoa. Mwandiko wake ulikuwa bado unasomeka, na sababu zake tano.

"Baba Kulwa, huyu alikupa hii mkononi."

"Basi si ataomba mwakani? Kwani vyuo vinahama?" Akageukia foleni. "Anayefuata!" Akakaa binti mwingine, mpya, aliyekuja kuomba awamu ya pili, na kabla hajafungua mdomo nikaona kwenye kioo cha kompyuta kile chuo cha kwanza kinaingia. Ndipo nilipochomoa waya. Mengine nimeshawaambia.

Nilidhani hapo ndipo nimefika mwisho wa kushangaa. Jioni hiyo hiyo, Nkwimba kakaa kwangu mkekani, nikafungua simu kuona tangazo la awamu ya pili, lenye kozi ambazo bado zina nafasi. Nikashuka na kidole. Chuo cha hapa mkoani, stashahada ya maabara: nafasi zipo. Nikampa simu asome yeye, nisije nikawa nimechanganyikiwa. Akasoma kwa sauti. Zipo. Vyuo vya jirani karibu vyote, kozi hizi na zile, zipo. Yule binti wa mchimbaji alikuwa na pa kwenda. Miaka yote hiyo madawati yalikuwa matupu humu humu mkoani, na mimi nawapakia watoto wakagombanie milango mitano ya mbali, halafu nawapa tishu.

Dirisha la awamu ya pili lilikuwa linafungwa Ijumaa. Kuangalia akaunti neno la siri linatosha, ila kubadili machaguo mfumo unatuma namba ya uthibitisho kwenye simu iliyoandikishwa, na simu ni ya duka. Nikarudi dukani kesho yake, nikamwomba Baba Kulwa radhi mbele ya foleni. Niliomba radhi ya waya. Ya waya tu.

"Yamekwisha, Mama Limi. Rudi ukae."

"Sirudi. Naomba ile laini, tupokee namba ya Nkwimba."

Akajikuna kichwa. "Ile laini mbona ilifungiwa? Tangu mwezi uliopita. Natumia nyingine."

Nikamwangalia. Nikaangalia foleni, watoto wenye fomu za awamu ya kwanza, wamekuja kuomba awamu ya pili kwa akaunti zilizofungwa na laini iliyokufa. "Na hawa?" nikauliza.

"Tunafungua akaunti mpya."

"Mfumo haukubali namba ya mtihani mara mbili! Umeshajaribu?"

Akageukia kibodi. Alikuwa ameshajaribu. Mama mmoja kwenye benchi akauliza, "Mayu, mnasemaje? Mwanangu yumo?" Nikamwambia ndiyo, yumo.

Nikapiga simu dawati la msaada la mamlaka ya udahili. Binti aliyepokea alikuwa mstaarabu. Akasema akaunti inaweza kuhamishiwa namba nyingine, na machaguo yanaweza kuchunguzwa, ila kwa malalamiko ya maandishi, yakimtaja aliyejaza fomu. "Bila aliyejaza kukiri, dada, sisi tunachukulia mwombaji alichagua mwenyewe." Nikamwandikia Baba Kulwa barua asaini. Akasema yeye ana familia. Kana kwamba Limi nimemwokota.

Rehema, Suzi, rudisheni karatasi za mkono. Akikataa, mwambieni mtoto aandike kiganjani. Akaunti iwe kwa namba ya mzazi, hata kama atabadilisha laini, hilo ni lake. Msimwache mtu aondoke bila kuona kurasa zote. Na ile kadi iteremsheni, msiogope, mwenye mwandiko ndiye anayewaambia. Jumatano tulipanda basi la asubuhi mimi na Nkwimba hadi ofisi ya kanda, na barua niliyogongewa muhuri wa mapokezi ni hii. Nakala yake ninayo.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MACHAGUO YA VYUO YALIYOJAZWA KINYUME NA MATAKWA YA WAOMBAJI

Mimi Kashinje Luhende, mkazi wa Kahama, nilikuwa mjazaji wa maombi katika steshenari iliyotajwa kwenye kiambatisho. Nalalamika dhidi ya watu wawili. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni mwenye duka.

Kwa misimu kadhaa tumejaza vyuo vitano vile vile kwa waombaji wengi bila kuangalia alama zao wala kuwauliza. Orodha hiyo niliiandika mimi. Wapo waliokubali kwa sababu tuliwaaminisha. Wapo ambao hawakuulizwa kabisa, akiwemo Nkwimba aliye pamoja nami, ambaye machaguo yake halisi, kwa mwandiko wake, nimeyaambatanisha. Naomba radhi kwa mikunjo.

Msimu huu akaunti zote zilifunguliwa kwa namba ya simu ya duka, ambayo imefungiwa. Waombaji hao hawawezi kuingia awamu ya pili. Majina ninayoyakumbuka nimeyaandika nyuma ya ukurasa huu, na wenzangu wawili waliobaki dukani wanaweza kuulizwa majina mengine.

Naomba akaunti hizo zihamishiwe namba za waombaji wenyewe kabla dirisha halijafungwa. Naomba ombi la Nkwimba lisomwe kama alivyoliandika. Naomba maduka yanayojaza maombi yakaguliwe, kuanzia letu.

Nimeambiwa kwamba kukiri kwangu kunaweza kunifungulia kesi. Nimeelewa. Kama utaratibu unataka mnishughulikie mimi kwanza, nishughulikieni leo, kwa sababu yeye amebakiwa na siku mbili na baba yake hataongeza ya tatu.

Sina anwani nyingine ya kujibiwa kwa haraka. Tumekaa nje ya mlango wenu, wote wawili, na vyeti vyake halisi anavyo.